Mhitimu wa Kiswahili katika Kazi ya Ushauri wa Rasilimali Watu

Makala haya yametokana na swali ninaloulizwa kila muhula wa pili, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapoanza kuhesabu miezi iliyobaki. "Mwalimu, mbali na kufundisha, tutafanya nini na shahada hii?" Zamani nilikuwa najibu haraka: tafsiri, utangazaji, utalii. Siku hizi naongeza kazi nyingine ambayo wengi hapa Kampala hawaifikirii kabisa, nayo ni ushauri elekezi katika masuala ya rasilimali watu.

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Afisa utumishi ni mwajiriwa wa shirika moja na hushughulikia wafanyakazi wa shirika hilo mwaka mzima. Mshauri elekezi huitwa kutoka nje, kama fundi anayeitwa kutazama paa linalovuja. Anapewa kazi maalumu, muda maalumu na malipo maalumu, na akimaliza anaondoka. Shirika linaweza kumwita alitafutie meneja mpya, alipangie ngazi za mishahara, aliandikie kanuni za kazi, au alisaidie kupunguza wafanyakazi bila kuvunja sheria. Kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu kama Deloitte, PwC, EY na KPMG, zenye ofisi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, hutoa pia huduma za ushauri. Zaidi ya hizo zipo kampuni ndogo ndogo za wenyeji zenye watu watano au kumi, na kwa maoni yangu huko ndiko mhitimu wetu anakopata nafasi kwa urahisi zaidi.

Wanafunzi wengi huchanganya kazi hii na ofisi zinazopeleka vijana kufanya kazi Uarabuni. Hiyo ni biashara nyingine, na hapa Uganda inahitaji leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Anayekuomba fedha ili akupatie kazi si mshauri wa aina ninayoieleza hapa.

Je, mhitimu asiye na uzoefu hufanya nini siku ya kwanza? Hampi ushauri mtu yeyote. Anapewa wasifu mia mbili wa waombaji na kuambiwa abakize ishirini. Anawapigia simu wadhamini. Anaandika kumbukumbu za usaili ambao wakubwa wanauliza maswali. Anajaza majedwali ya Excel mpaka macho yanauma. Baada ya miezi kadhaa, akionekana makini, anapelekwa kwa mteja kufanya uchambuzi wa kazi, yaani kumhoji kila mfanyakazi anafanya nini hasa, kwa zana gani, chini ya nani, na akikosea hasara ni ya nani. Majibu hayo ndiyo yanayozaa maelezo ya kazi, na maelezo ya kazi ndiyo yanayozaa ngazi ya mshahara. Kwa hiyo neno likipindwa katika mahojiano, mshahara wa mtu unapindwa pia.

Mwanafunzi wangu mmoja alipelekwa kwenye ghala la mteja upande wa Tanzania akiwa na dodoso lililotafsiriwa na mtu mwingine kutoka Kiingereza. Swali la nne lilisema, "Unaripoti kwa nani?" Wabeba mizigo wakatazamana. Mmoja akajibu, "Mimi sijamripoti mtu yeyote." Walidhani wanatakiwa kuchongea wenzao, na kuanzia hapo majibu yote yakawa mafupi na ya woga. Kijana wetu akafunga karatasi, akauliza upya: "Nani anakupangia kazi asubuhi? Ukiumwa, unamwambia nani?" Watu wakafunguka. Msimamizi wake hakujua Kiswahili, lakini aliona tofauti, na safari iliyofuata dodoso lilitungwa na kijana mwenyewe. Hilo halimo katika kozi ya usimamizi. Limo katika darasa letu la isimujamii.

Walimu wenzangu watauliza kama si kujipendelea kusema hivyo. Nami nakiri kwamba nilijifunza uzito wa jambo hili kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka 2014 kampuni moja ya usafirishaji iliniletea barua nizitafsiri kwa ajili ya madereva wake waliokuwa wakisoma Kiswahili kuliko Kiingereza. Barua mojawapo ilimwarifu dereva kwamba asifike kazini wakati suala la upungufu wa mafuta likichunguzwa, na kwamba afike mbele ya kamati baada ya siku kumi. Nami, kwa haraka ya mtu anayelipwa kwa ukurasa, nikaandika "umeachishwa kazi kwa muda". Dereva yule hakuvuka neno "umeachishwa". Alirudisha funguo, akahamisha familia kijijini, na siku ya kamati kiti chake kilikuwa kitupu. Kamati ikachukulia kutofika kwake kuwa ni kukiri. Suala la mafuta lenyewe halikusikilizwa kamwe. Mimi nilikuwa nimeshalipwa.

Nilipaswa kuandika "umesimamishwa kazi". Kusimamishwa ni kuwekwa kando kwa muda, na ajira bado ipo. Kuachishwa ni ajira kukoma kwa uamuzi wa mwajiri, kwa notisi na stahili zake. Kufukuzwa ni kuondolewa kwa kosa, mara nyingi papo hapo. Kupunguzwa si kosa la mfanyakazi hata kidogo: nafasi yenyewe imeondolewa. Mtaani maneno haya huchanganywa, na watu wengi husema "amefukuzwa" kwa yote manne. Katika barua ya ajira hayachanganyiki, kwa sababu kila moja lina haki zake na utaratibu wake. Nimeyafundisha kila mwaka tangu wakati ule, katika kozi ya tafsiri, kabla ya nadharia yoyote.

Hata hivyo lugha peke yake haitoshi, na hapa ndipo wahitimu wetu hukwama. Mshauri lazima asome sheria za kazi, na azisome kwa kalamu na kikokotoo. Chukua likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo. Mwanafunzi akitazama tarakimu tu atasema Tanzania inatoa zaidi. Lakini siku 28 mfululizo ni wiki nne, na kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki hizo ni siku 20 za kazi. Kwa mtu huyo Kenya imempita Tanzania kwa siku moja. Kwa anayefanya kazi siku sita, wiki nne ni siku 24 za kazi, na hesabu inageuka. Likizo ya uzazi ni hivyo hivyo: Uganda, kwa sheria yake ya 2006, inatoa siku 60 za kazi, na Tanzania siku 84 kwa mtoto mmoja. Kwa wiki ya siku tano, siku 60 za kazi ni wiki 12, yaani siku 84 zile zile. Mteja mwenye matawi katika nchi mbili atakuuliza jambo hili wiki ya kwanza, na jibu liko katika maneno mawili: "mfululizo" na "za kazi".

Kiswahili kinazidi kuhitajika katika nyaraka hizi. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka kwa masharti ambayo kila nchi iliyaorodhesha. Kampuni ya Kampala yenye wateja Mwanza inahitaji mtu wa kuandika kanuni za kazi zinazoeleweka na mlinzi wa lango sawa na mhasibu. Anayetaka kwenda Nairobi ajue kwamba Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012, inayodai mtu asajiliwe kabla ya kujiita mtaalamu wa fani hiyo. Shahada ya Kiswahili haimpi mtu usajili huo. Kuna mitihani yake.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipitia haraka, nalo ni undugu. Jina lako likijulikana kwamba uko katika kampuni ya kutafuta wafanyakazi, simu hazitakoma. Mjomba atakutumia wasifu wa binamu. Mwalimu wako wa sekondari atakuomba "umwangalie" kijana wake. Utaombwa hata kutaja nani mwingine ameomba nafasi ile. Wasifu wa watu ni siri uliyokabidhiwa, na nchi zetu sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi: Uganda na Kenya tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. Mwanafunzi wangu mmoja, binti hodari sana, alipoteza nafasi yake mwezi wa tatu kwa kumwonyesha shangazi orodha ya walioitwa kwenye usaili. Hakupokea hata shilingi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, yeye ndiye aliyenilipia ada." Sikuwa na jibu la haraka, na kampuni haikuwa na haja ya jibu langu.

Kuhusu namna ya kuanza, msingoje mahafali. Ombeni mafunzo kwa vitendo likizo ya mwaka wa pili, hasa katika kampuni ndogo, mkieleza kwa aya moja ni kazi gani mnaweza kufanya kesho asubuhi: kutafsiri dodoso, kuhoji, kuandika kumbukumbu safi. Jifunzeni Excel kwa dhati. Katika usaili, waajiri wengi watakupa wasifu kumi na nusu saa, uchague watatu na ueleze sababu. Jizoezeni wenyewe kwa wenyewe hosteli.

Nimekusanya violezo vya dodoso na barua za ajira katika lugha mbili, majina ya wahusika yakiwa yamefutwa. Wanaotaka kuvisoma waje ofisini kwangu Jumatano alasiri, kila mmoja na wasifu wake uliochapwa, usiozidi kurasa mbili. Barua ya dereva nayo imo, pamoja na kosa langu likiwa limepigiwa mstari.