Likizo ya Mombasa Hupangwa Nyumbani

Watu wengi wa bara, wakulima na makarani, hutamani kuiona Mombasa pamoja na jamaa zao. Tamaa hiyo ni njema, maana mwili uliofanya kazi mwaka mzima wastahili kupumzika, na mtoto aliyesoma habari za bahari kitabuni hufahamu zaidi akiiona kwa macho yake. Lakini fedha zinazomalizwa ovyo kwa siku nne za likizo huenda ndizo zilizokuwa karo ya shule au mbolea ya msimu ujao. Kwa hiyo yafaa safari ipangwe kabla mizigo haijafungwa.

Jambo la kwanza ni wakati. Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka, na majira hayo hayafanani hata kidogo. Aprili ni mlango wa mvua kubwa, ambayo watu wa pwani huiita mwaka. Mwezi wa Agosti huvuma kusi: bahari huwa na mawimbi, lakini joto hupungua. Desemba kaskazi imekwisha kuingia na bahari imetulia, ila ndipo wageni wanapojaa na bei za vyumba kupanda. Basi mzazi mwenye fedha za kadiri na aufikirie kwanza mwezi wa Agosti, ikiwa shamba lamruhusu.

Jambo la pili ni fedha. Zigawanywe mafungu manne: nauli, malazi, chakula pamoja na matembezi, na akiba ya ugonjwa. Nauli ya kurudi itengwe peke yake wala isiguswe kwa sababu yoyote. Anayesafiri kwa reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, akumbuke kwamba gari lile humshusha Miritini, nje ya kisiwa. Kwa hiyo aweke na nauli ya kumfikisha mjini.

Mwenye ndugu Mombasa hupunguza gharama za malazi, lakini asimwendee kwa ghafula. Ampe habari mapema, amwambie watu ni wangapi na watakaa siku ngapi. Tena asifike mikono mitupu: viazi, maharagwe au mahindi ya shambani ni zawadi yenye heshima katika mji ambamo kila kitu hununuliwa. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna jembe, lakini soko lipo, na mgeni mwungwana hushika kikapu.

Jambo la tatu ni afya. Malaria iko pwani, na mtu aliyezaliwa nyanda za juu zenye baridi hana mazoea nayo. Aende kwa daktari kabla ya safari apate shauri, na alale ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikimshika hata baada ya kurudi nyumbani, asikawie kupimwa damu. Baharini pia yahitajiwa hadhari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua hupanda sana. Mahali palipokuwa mchanga mkavu asubuhi paweza kuwa na kina baada ya saa sita. Waulizwe wavuvi kabla watoto hawajaingia majini.

Mambo mazuri si yote ya gharama kubwa. Feri ya Likoni humvusha bure mtu aendaye kwa miguu. Kutembea katika Mji wa Kale ni bure vilevile, ila mgeni avae mavazi ya adabu, aamkie watu, wala asiwapige picha bila idhini. Kiingilio cha Ngome ya Yesu hulipiwa, lakini ni fedha iliyotumika vyema. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Baadaye ilikuwa gereza la serikali mpaka 1958, na tangu 1960 ni jumba la makumbusho.

Bwana na bibi na waketi pamoja na kalamu na karatasi, wahesabu kila shilingi. Hesabu ikikataa mwaka huu, waanze kuweka akiba kidogo kidogo kila mwezi. Bahari haihami, karo ikishaliwa, ni mtoto atakayerudishwa nyumbani.