Msaada Ukija kwa Simu, Laini Iwe ya Mwenyewe

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilitangaza kufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa ajili ya korona. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kuze, Kibokoni na mitaa jirani ikabaki kimya, masoko na mikahawa ikafungwa. Amri ilikuwa ya siku 15, kisha ikaongezwa. Njia zilipofunguliwa mwanzoni mwa Juni, Idi ilikuwa imeshapita.

Anayeijua Kuze anajua Ramadhani ni msimu wa kazi. Kuna anayekaanga viazi vya karai na kaimati magharibi ikikaribia, kuna anayepika mahamri na mbaazi za kuuza, kuna kijana wa mkokoteni anayebeba mizigo kutoka Marikiti. Wengi wao hula leo kwa pesa ya leo. Ukimfungia mtu kama huyo mwezi mzima, akiba ya benki hana. Alichobaki nacho ni simu mkononi.

Na simu ndiyo iliyotumika. Tayari mwezi wa Machi, Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imekubaliana na benki na kampuni za pesa kwa simu kuondoa ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Yaonekana jambo dogo, lakini dada aliye Likoni aliweza kumtumia mamake hela ya unga leo, kesho kidogo tena, bila kukatwa kila anapotuma. Msamaha huo ulidumu hadi mwisho wa mwaka.

Baadaye mwaka huohuo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, pamoja na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, lilianza kuzitumia familia zipatazo 24,000 za Mombasa shilingi 4,000 kwa mwezi. Zilikadiriwa kutosha nusu ya mahitaji ya chakula ya familia ya watu wanne. Nusu, tusidanganyane. Lakini mama aliamua mwenyewe kama ni mchele, maharagwe au maziwa ya mtoto, na akanunua duka la jirani, ambaye naye alikuwa amekaa bila wateja.

Njia hii haikuanza na korona. Mapema mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, shirika la Concern Worldwide lilitumia M-PESA, iliyokuwa bado changa, kupeleka pesa ya chakula kwa familia 570 huko Bonde la Kerio. Wengi hawakuwa na simu, kwa hivyo kila kundi la familia kumi lilipewa simu moja na chaja ya jua, na kila familia ikawa na laini yake. Lori la mahindi barabarani lingeweza kuporwa.

Angalia hilo la laini. Simu walichangia, laini hapana.

Kwani ushirikiano wa namna hii kila mtu ana kipande chake: serikali na wazee wa mtaa wanajua nani ana njaa, shirika lina fedha, kampuni ya simu ina njia. Vyote vikikaa sawa, bado pesa inaweza kupotea mlangoni kwako. Tuseme bibi wa Kuze jina lake limo kwenye orodha, kitambulisho anacho, lakini laini anayotumia ilisajiliwa na mjukuu siku alipomnunulia simu, na mjukuu sasa yuko Dubai. Majina hayaoani, pesa inagoma. Bibi anaambiwa "mfumo umekataa," anarudi nyumbani bila kujua kosa ni lipi.

Lawama nyingine ni yetu wenye huduma. Wakala akiishiwa pesa taslimu siku msaada umeingia, mzee anaambiwa rudi kesho, na njaa haingoji kesho. Ndipo mtu anampa kijana jirani simu na namba ya siri amtolee kwingine. Usifanye hivyo hata kwa wakala unayemwamini. Mwache ashike kitambulisho, namba ya siri bonyeza wewe.

Na akikupigia mtu kusema umechaguliwa kupata msaada, tuma 200 za kufungua faili, kata simu. Huo ni wizi.

Ukienda kumsalimia bibi wiki hii, chukua simu yake upige *106#, uone laini hiyo iko kwa kitambulisho cha nani. Kama si chake, nenda naye kwa duka la mtandao wake, yeye mwenyewe na kitambulisho mkononi. Kama laini ni ya mjukuu aliye mbali, mchukulie bibi laini mpya kwa jina lake, kisha mumpelekee mzee wa mtaa namba hiyo kabla orodha nyingine haijaandikwa.