Je, Wajua? Picha ya Rangi za Maji Yaweza Kutundikwa Bila Kioo

Je, wajua ya kuwa rangi za maji hushikamana na karatasi kwa gundi ya mgunga, ambayo hata ikikauka miaka mingi huyeyuka tena iguswapo na tone la maji, na kwa sababu hiyo picha za namna hii aghalabu huwekwa nyuma ya kioo? Lakini katika nchi ya baridi kama Lupembe, mkoani Njombe, ambako ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, kioo chenyewe chaweza kuwa adui: unyevu hutunga matone upande wa ndani, karatasi ikikigusa hunata, kisha huota madoa ya kuvu, ambayo nayo lugha yetu huyaita ukungu.

Ipo njia nyingine, nami naipenda. Karatasi hugandishwa juu ya ubao, ikapuliziwa vanishi tabaka nyembamba mbili tatu hata rangi itulie, halafu ikasuguliwa taratibu kwa kitambaa laini chenye nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini. Maji yakidondoka hapo hujikusanya mithili ya umande juu ya jani la chai, yakateremka. Na nyuki, na misindano ambayo utomvu wake hutoa tapentaini, vyote vimo katika nyanda hizo hizo za juu kusini.

Walakini vanishi ikisha kupenya karatasini haitoki. Basi anza kwa picha usiyohofia kuipoteza. Tena nta haizuii jua: itundike mbali na dirisha.