Mtoto Akikataa Uji, Msimzibe Pua

Mkoa wetu wa Iringa huvuna chakula na kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto wapatao 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani wamedumaa. Sababu ni nyingi. Mwezi huu tunaitazama moja: namna tunavyowalisha.

Mama wa Kilolo anawahi shambani, uji upo, mtoto anageuza uso. Basi analazwa magotini na kuzibwa pua, na akifumbua mdomo kuvuta pumzi, uji unamiminwa. Wapendwa, hili ni jambo la hatari. Uji ukipita njia ya hewa mtoto hupaliwa, aweza kupata homa ya mapafu, hata kufa. Na akisalimika, amejifunza kukiogopa kikombe. Kesho ataanza kulia akikiona tu.

Hofu hiyo hutibiwa bila dawa, kwa kumfundisha upya. Mtoto akae wima, mtazamane. Mpe kijiko kidogo, ngoja. Akipokea, mtaje jina, msifu, cheka naye. Akitema, usigombe wala usimbembeleze. Tulia kidogo, mpe tena. Zikipita dakika 20 au 30, ondoa chakula bila maneno mpaka mlo unaofuata. Katikati ya milo asipewe chai ya sukari wala biskuti. (Bibi, nawe tunakuomba: pipi za huruma zinamshibisha mjukuu.) Chakula kigeni, kama maharage yaliyopondwa, chaweza kukataliwa mara nane au kumi kabla hajakizoea, wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu.

Pengine kosa ni la uji wenyewe. Mzito sana humchosha kumeza, mwepesi sana ni maji matupu. Mosha na Svanberg, katika utafiti wa kijiji cha Luganga mkoani Iringa uliochapishwa mwaka 1990, waliushughulikia uji uliolegezwa kwa kimea. Kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa hulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Ukishatia kimea, uchemshe tena kidogo.

Lakini mtoto anayepaliwa kila alapo, anayetapika kila kitu, anayekonda, au aliyeacha kunyonya ghafla, huyo si mkaidi, ni mgonjwa. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, na kadi yake ya kliniki mkononi.