Ni kwa nini Dakota, ndege ya 1935, haijastaafu?

NDEGE ya kwanza ya aina ya DC-3 iliruka Santa Monica, jimboni California, Desemba 17, 1935. Nyingi za rika lake leo zimo katika majumba ya makumbusho, na hata baadhi ya zile zilizoundwa miongo kadhaa baadaye ili zichukue nafasi yake zimekwisha kuvunjwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Lakini DC-3, ambayo Waingereza waliipa jina la Dakota na ikajulikana hivyo Afrika Mashariki, ingali hewani katika nchi kadhaa.

Hilo halitokani na mapenzi ya watu kwa vitu vya kale. Siri imo katika namna ilivyoundwa, na jambo lile lile lililoipa umri mrefu ndilo lililowahi kuwaponza abiria wake.

Kampuni ya Douglas iliibuni baada ya C. R. Smith, rais wa shirika la American Airlines, kumsihi Donald Douglas aipanue ndege iliyoitangulia, DC-2, ili iwe na vitanda vya abiria wa safari za usiku. Vitanda havikudumu, bali nafasi iliyopatikana ilidumu. Vilipowekwa viti, DC-3 ilibeba abiria 21, ilhali mshindani wake, Boeing 247, ilibeba 10 tu. Hadi wakati huo mashirika mengi ya Marekani yalitegemea malipo ya serikali ya kusafirisha barua. Kwa DC-3, nauli pekee iliweza kuleta faida.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani liliiita C-47, na viwanda vya nchi hiyo vikaunda zaidi ya 10,000, mbali na zile zilizoundwa kwa kibali katika Muungano wa Kisovieti na Japani. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, zaidi ya ndege 800 za aina hiyo ziliwadondosha askari wa miavuli wa Marekani huko Normandy, Ufaransa. Jenerali Dwight Eisenhower aliitaja miongoni mwa vyombo vilivyochangia sana ushindi, pamoja na jeep na tingatinga. Hakuna hata kimoja kati yake kilichobuniwa kwa ajili ya kupigana.

Vita vilipokwisha, maelfu ya ndege hizo ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na mashirika machanga kote duniani yakajengwa juu ya migongo yake. East African Airways, lililoundwa mwaka 1946, lilikuwa mojawapo ya mashirika yaliyozitumia.

Enzi yake ilionekana kuwa imekwisha Mei 1952, wakati ndege ya jeti ya Uingereza, Comet, ilipoanza safari za abiria kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe. Ilikuwa na kasi zaidi ya mara mbili ya Dakota. Lakini mwaka 1954, Comet mbili zilipasuka hewani juu ya bahari ya Mediterania, zikaua watu 56.

Uchunguzi ulionyesha kwamba bodi ya Comet ilichoka. Ndege inayopaa juu sana hulazimika kusukumiwa hewa ndani ili abiria wapumue. Kila inapopaa, bodi hutanuka kidogo, inapotua, hunywea. Ni sawa na kukunja na kukunjua waya: siku moja hukatika. Tangu hapo wahandisi wamejifunza kuunda bodi zinazostahimili hali hiyo, lakini kila moja ina kikomo cha safari.

Dakota haina tatizo hilo kwa sababu ya usahili wake: haisukumiwi hewa kamwe. Bodi yake hainyumbuki kila safari, na mabawa yake yana mihimili mingi inayosaidiana. Mafundi wakizichunguza mara kwa mara sehemu za maungio ya mabawa, na kutu ikizuiwa, inaweza kuendelea kuruka miaka nenda miaka rudi.

Lakini lipo deni. Ndege isiyo na hewa ya kusukumwa haiwezi kukaa juu sana bila abiria kuishiwa pumzi, hivyo husafiri chini, kwenye mawingu, mvua na milima. Mei 18, 1955, Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Ndege za leo hupita kimo kinachozidi kilele hicho cha mita 5,895 huku abiria wakinywa chai.

Kinachoisumbua Dakota siku hizi si umri wa bodi bali tumbo. Injini zake za pistoni hunywa petroli maalumu ya ndege, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika ni adimu na ya bei ghali, kwa kuwa karibu kila ndege kubwa sasa hutumia mafuta yaliyo jamii ya mafuta ya taa.

Ndiyo maana kampuni ya Basler ya Oshkosh, Wisconsin, huzinunua Dakota kuukuu, ikarefusha bodi kwa takriban mita moja, kuimarisha mabawa na kufunga injini mpya za tabini zinazozungusha rafadha. Ndege hizo, BT-67, hutua kwa skii kwenye barafu ya Antaktika, na jeshi la Colombia limezifunga bunduki. Jambo moja Basler haikulibadilisha: bodi bado haisukumiwi hewa, na rubani anayekuta mlima mrefu mbele yake, aghalabu huuzunguka.