MFUKO WA MGONGONI WA MTU AENDAYE KAZINI KWA BAISIKELI

Ukisimama asubuhi kando ya njia itokayo Kasungami kuelekea katikati ya mji wa Lubumbashi, utaona watu wengi wakienda kazini. Wengine huenda kwa miguu, wengine kwa motokaa za abiria, na wengine wamepanda baisikeli, ile tuiitayo kinga. Mwashi ana mwiko na kamba yake, mwanafunzi ana vitabu, mlinzi ana koti na chakula cha usiku. Kila mmoja ana mzigo, na wengi wameutia mgongoni.

Labda utasema, "Mfuko ni kazi ya mshonaji. Hospitali ina neno gani nao?" Ina neno kubwa. Mfuko mbaya huleta maumivu ya mabega, ganzi ya mikono, vipele vya ngozi, kuharisha, na kuanguka barabarani. Mfuko mzuri huzuia mengi ya mambo haya, na mshonaji wa mtaani aweza kuutengeneza akielezwa vema. Basi soma habari hii, kisha mpelekee yeye.

1. Mgongo si mahali pa mzigo mzito

Watazame wale waletao makala mjini kwa baisikeli kutoka vijijini. Hufunga magunia juu ya baisikeli yenyewe kwa kamba na mipira, tena mara nyingi huishuka na kuisukuma. Hakuna hata mmoja atiaye gunia mgongoni kisha akapanda. Wamejifunza kwa kazi yao kwamba chuma hakichoki, bali mgongo huchoka.

Iko sababu nyingine. Mtu aliyepanda baisikeli yuko juu, naye husimama juu ya magurudumu mawili membamba. Ukitia mzigo mzito mgongoni, uzito unapanda juu zaidi, na baisikeli inayumba. Ukipita shimoni, mzigo unakuvuta upande. Ukifunga breki kwa ghafula, mzigo unakusukuma mbele, nawe waweza kutupwa juu ya usukani.

Kwa hiyo shika kanuni hii: kilicho kizito kifungwe juu ya chuma kilicho juu ya gurudumu la nyuma; kilicho chepesi, na kile kisichotakiwa kutikiswa, kikae mgongoni. Nyundo, unga na dumu la maji ni vya baisikeli. Karatasi, simu, dawa, shati safi na chakula kidogo ni vya mgongo. Kilo ngapi? Sisi twashauri usipite sehemu moja katika kumi ya uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 60 asibebe mgongoni zaidi ya kilo 6.

Wala usitundike mfuko kwenye usukani. Mfuko unaoning'inia hapo waweza kuingia katika nyaya za gurudumu la mbele. Gurudumu likisimama ghafula, wewe hutasimama. Utaruka mbele na kuangukia uso.

2. Mikanda ya mabega

Katika bega lako, kati ya shingo na kwapa, chini ya mfupa uitwao mtulinga, hupita mishipa ya fahamu iendayo mkononi. Mishipa hiyo ndiyo inayokupa nguvu ya kushika, na ndiyo inayokujulisha kama kitu ni cha moto au cha baridi. Mkanda mwembamba wenye mzigo mzito huibana. Kwanza utasikia vidole vikichomachoma, kisha ganzi, kisha mkono unakosa nguvu. Ugonjwa huu wajulikana sana kwa askari wanaobeba mizigo mizito safarini. Na kwa mtu wa baisikeli hatari yake ni mbili, kwa maana mkono usio na nguvu haushiki breki.

Basi mwambie mshonaji afanye mikanda yenye upana wa sentimeta 6 au 7, na ndani yake atie kipande cha blanketi kuukuu kilichokunjwa mara mbili. Kamba tupu haifai. Mikanda iwe na bizimu za kurefusha na kufupisha, maana mtu aliyevaa koti la baridi mwezi wa Juni si sawa na mtu aliyevaa shati mwezi wa Oktoba.

Kisha aongeze mikanda miwili myembamba: mmoja wa kifuani, wa kuzuia mikanda ya mabega isiteleze, na mwingine wa kiunoni. Mkanda wa kiunoni una historia yake. Huko California, Marekani, Dick Kelty alianza mwaka 1952 kutengeneza na kuuza mifuko ya watu waendao milimani, naye ni mmoja wa walioeneza desturi ya kupumzisha mabega kwa kuuweka uzito juu ya nyonga. Lakini angalia tofauti. Atembeaye husimama wima, hivyo nyonga zake hubeba. Apandaye baisikeli huinama, hivyo mkanda wa kiunoni kwake ni wa kuzuia tu, mfuko usiruke upande wala kumpanda shingoni. Ndiyo maana hauponyi mzigo mzito.

Ncha zote za mikanda zikunjwe na kushonwa, zisining'inie. Mkanda mrefu ukishikwa na mnyororo au gurudumu humvuta mtu chini.

3. Kipimo na umbo

Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, mfuko wenye urefu wa sentimeta 40, upana wa sentimeta 28 na kina cha sentimeta 12 unatosha. Ukitaka mkubwa zaidi, utaujaza zaidi; ndivyo tulivyo wanadamu.

Juu usipite mwanzo wa shingo. Mpanda baisikeli hana budi kugeuza kichwa na kutazama nyuma kabla ya kupinda njia. Mfuko mrefu humzuia, naye hupinda bila kuona lori linalomfuata.

Upande unaogusa mgongo, mshonaji ashone mito miwili myembamba ya kusimama, mmoja kulia na mmoja kushoto, na katikati aache njia ya upepo. Mfuko ulio bapa hushika jasho, na ngozi iliyolowa kila siku hutoa vipele vya joto, majipu na choa. Mito hii miwili haiondoi jasho lote, lakini huuacha uti wa mgongo upate hewa. Ndani, vitu vizito kidogo vikae chini na karibu na mgongo, na vitu vyepesi vikae nje. Kitu chenye ncha, kama msumari au bisibisi, kisiwekwe mgongoni kabisa. Ukianguka chali, kitakuchoma.

4. Nguo, uzi na mvua

Huku kwetu mvua hunyesha hasa tangu Novemba hata Machi, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali. Mfuko uwe tayari kwa yote mawili. Turubai la lori lililochakaa, lakini lisilotoboka, ni nguo nzuri. Gunia la plastiki lililofumwa, la unga au mchele, nalo lafaa likishonewa kitambaa kigumu ndani. Kitako kishonewe kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la motokaa, ili ukiweka mfuko chini penye tope, maji yasipande.

Mdomo wa mfuko uwe mrefu, upate kukunjwa mara tatu kisha kufungwa kwa bizimu. Mdomo wa namna hii hauhitaji zipu. Zipu ya bei rahisi huharibika upesi kwa vumbi, na mvua hupita katikati ya meno yake. Karatasi za hospitali, kadi ya chanjo ya mtoto na dawa zitiwe kwanza katika mfuko mdogo wa plastiki.

Uzi uwe wa nailoni, kwa kuwa uzi wa pamba ukilowa mara nyingi huoza. Mahali panapokatika kwanza ni pale mkanda unapoungana na mfuko. Mwambie mshonaji ashone hapo umbo la mraba, na ndani ya mraba apitishe mishono miwili ya kukingamana. Mkanda mmoja ukikatika ukiwa njiani kati ya motokaa, mfuko wote utaanguka upande mmoja, na wewe pamoja nao.

5. Uonekane

Jioni giza huingia upesi, na nguo nyeusi mgongoni ni kama kujificha. Shona nyuma ya mfuko kipande kikubwa cha kitambaa cheupe au cha njano. Ukipata utepe unaong'aa unapomulikwa na taa, kama ule wa makoti ya wafanyakazi wa barabarani, ni bora zaidi. Dereva akuone mapema, apate nafasi ya kukuepuka. Lakini utepe si taa. Taa ya baisikeli ingali inatakiwa. Kitambaa kikichafuka, kifuliwe. Cheupe kilichojaa vumbi si cheupe tena.

6. Chakula kikae peke yake

Bukari na samaki, au maharagwe, vikipikwa alfajiri na kukaa katika mfuko hata mchana, hupata joto la mgongo na la jua. Chakula cha uvuguvugu ni shamba la vijidudu. Huongezeka haraka, wala hutaona wala kunusa kitu, kisha jioni tumbo linakukata. Ni heri kubeba vitu visivyoharibika upesi: karanga zilizokaangwa, mkate, ndizi, viazi vitamu vilivyochomwa. Ukibeba chakula kilichopikwa, kiweke katika kopo lenye kifuniko, katika mfuko mdogo wa nje ulio mbali na mgongo, na ukipate moto sana, hata kitokote, kabla ya kula.

Pamoja na chakula usiweke kamwe mafuta ya taa, dawa ya wadudu wala maji ya betri. Hata chupa iliyofungwa huvuja njia ikiwa mbaya.

7. Neno kwa wafanyao kazi penye vumbi la madini

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kuchunguza mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi sana mwilini, hasa watoto wadogo. Mtoto hakwenda mgodini. Vumbi ndilo lililomfikia.

Wewe ufanyaye kazi hiyo, usilipeleke vumbi nyumbani ndani ya mfuko wako. Badili nguo kazini kama yawezekana. Zile za kazi uzitie katika gunia dogo lenye kufungwa, lifungwe nyuma ya baisikeli, si katika mfuko wenye chakula na daftari za mtoto. Nyumbani usizikung'ute mbele ya watoto. Zilowekwe majini kwanza, kisha zifuliwe peke yake. Nawa mikono na uso kabla ya kumbeba mtoto.

8. Mama mwenye mtoto mgongoni

Mama asijaribu kubeba mtoto mgongoni na mfuko kifuani huku amepanda baisikeli. Mfuko wa kifuani hugongana na magoti, humzuia kuona gurudumu, na akianguka hana mkono wa kumkinga mtoto. Afunge mzigo juu ya baisikeli, aisukume kwa miguu.

9. Jaribu kabla ya kumlipa mshonaji

Tia ndani vitu vyako vya kila siku. Vaa, funga mikanda yote, kisha panda baisikeli mahali pasipo motokaa. Tazama nyuma kwa bega la kulia, kisha la kushoto: je, shingo inageuka? Funga breki: je, mfuko unakupanda kichwani? Inua mkono mmoja kuonyesha njia: je, mkanda unateleza? Mwagia mfuko maji ya kopo moja: je, karatasi ya ndani imelowa? Lililo baya lirekebishwe papo hapo.

Kisha kila juma ugeuze mfuko ndani nje, uufue kwa sabuni, uanike juani mpaka ukauke kabisa.

Ukisikia ganzi mkononi, acha kubeba mgongoni siku kadha, uweke vitu vyote juu ya baisikeli. Ganzi isipokwisha, au mkono ukishindwa kuinuka au kushika, usingoje wala usijipake dawa za sokoni. Njoo hospitali upesi. Mshipa uliobanwa kwa muda mfupi kwa kawaida hupona. Uliobanwa muda mrefu waweza kukuachia mkono dhaifu.

Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna mwingine atakayesikia uzito ulio mgongoni mwako. Leo jioni ufungue mfuko wako, utoe kila kitu, na uulize juu ya kila kimoja: hiki ni cha mgongo au ni cha baisikeli?