Kimeng'enya Kisichomeng'enya: MSH1, Mitokondria na Mbegu ya Mahindi

Istilahi kimeng'enya imetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni. Yavifaa vimeng'enya vya mate na utumbo. Haiifai kamwe MSH1, kimeng'enya cha mimea ambacho kazi yake ni kukarabati DNA. Hata hivyo, istilahi imekwisha kukita mizizi, na msomaji hana budi kuivumilia.

Kazi ya MSH1 inamgusa mkulima wa Njoro, Rongai au Subukia, ambaye hununua mbegu mahuluti kila msimu. Mahuluti ya kwanza ya Kenya, H611, yalitolewa mwaka 1964 kutokana na utafiti wa Kitale. Ili kuyapata mahuluti, mistari ya mahindi ya kike hung'olewa mbelewele kwa mkono isije ikajichavusha. Ni kazi ya vibarua wengi. Mhindi usiotoa chavua kwa maumbile yake ungewaondolea wazalishaji gharama hiyo, nao utasa huo wa kiume hutokana na mitokondria.

Mitokondria ni viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Vina DNA yake vyenyewe, inayorithiwa kwa mama: ya binadamu ina herufi 16,569, ilhali ya mahindi hukaribia 570,000, baadhi zikiwa vifungu vinavyojirudia. Hapo ndipo hatari ilipo. Vifungu vinavyofanana huweza kuunganishwa visivyo, mithili ya mnakili anayeruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa kuwa yote inaanza kwa neno lile lile. MSH1, inayoundwa kwa maagizo ya jeni iliyomo katika kiini cha seli kisha kusafirishwa hadi kwenye mitokondria, huzuia mruko huo. Mwaka 2007 watafiti waliidhoofisha katika nyanya na tumbaku. DNA ya mitokondria ikajipanga upya, na baadhi ya mimea ikakosa chavua. Utasa huo uliendelea kurithiwa kwa mama hata MSH1 iliporejea.

Kwa mzalishaji wa mbegu, kasoro hiyo ni lulu, lakini lulu yenye sumu. Nchini Marekani, mahindi mengi yaliwahi kubeba mitokondria tasa za aina moja, ziitwazo T. Mpangilio mpya wa DNA yake ulikuwa umezaa protini ngeni, ambayo sumu ya kuvu wa baka la majani iliishika na kutoboa mitokondria. Mwaka 1970 takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi hiyo iliangamia, na wazalishaji wakarudi kung'oa mbelewele.